KUJIKWAA SI KUANGUKA: Wazee Wetu na Nguvu ya Kusimama

Wahenga walituachia neno la kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Neno hili ni la kweli, khasa kwa kijana. Kijana akigonga kidole katika jiwe njiani Rhotia au Oldeani, mguu wake wa pili hutangulia kumpokea kabla yeye mwenyewe hajatambua lililomfika; hucheka, akaenda zake. Amma mzee, jiwe ni lile lile na njia ni ile ile, lakini mguu wa pili huchelewa. Mchelewo huo ni mdogo mno, haufiki hata muda wa kupepesa jicho mara mbili, nao ndio upambanuao baina ya kujikwaa na kuanguka. Na kwa mzee, kuanguka mara moja huenda kukawa ndiyo mwanzo wa kulala kitandani asiinuke tena.

Twapenda katika makala hii tuzungumze juu ya jambo hili na jamaa za Kiislamu za huku kwetu Karatu na Ngorongoro, na kila mahali penye mzee ndani ya nyumba. Kwani twaona watu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza husema, "Ni uzee tu, mtu akishakula chumvi nyingi ataanguka, hakuna la kufanya." Kundi la pili, kwa mapenzi na huruma, humkalisha mzee kitini tangu asubuhi hadi jioni, wakamkataza asifagie, asichote maji, wala asiende msikitini, ili asianguke. La kwanza humwacha mzee aanguke leo. La pili humtayarisha aanguke kesho.

Imepokewa katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi, kutoka kwa sahaba Usama bin Sharik, kwamba mabedui walimwuliza Mtume wetu (S.A.W.) kama wajitibu. Akawaelekeza wajitibu, akawafahamisha ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa maradhi ya namna moja, nayo ni uzee. Basi mwenye akili na azingatie. Kisichokuwa na dawa ni uzee. Kuanguka si uzee. Kuanguka ni msiba unaomfika mzee kwa sababu zake, na nyingi katika sababu hizo zaweza kuondolewa kwa mkono wa mwana na mjukuu. Hili ndilo shina la maneno yetu, na yatakayofuata ni matawi yake.

MIZANI ILIYO NDANI YA MWILI

Kusimama kwa miguu miwili twakuona ni jambo jepesi kwa sababu tumelizoea. Lakini tazama: ng'ombe ana miguu minne, na meza kadhalika, mwanadamu ana miwili tu, na kila anapopiga hatua husimama juu ya mmoja. Kule Laetoli, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mwaka 1978 wafukuzi waliokuwa pamoja na Mary Leakey walifunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua. Wataalamu wa miamba wanayakadiria majivu yale kuwa na umri wa miaka milioni 3.66. Hatuingii hapa katika mabishano juu ya viumbe wale. Tunalotaka msomaji alione ni moja tu: katika nyayo zile kisigino kiligusa kwanza, kisha uzito ukapita mbele hadi kidole gumba. Mwendo wa namna hiyo, khasa juu ya ardhi yenye utelezi, wahitaji mizani kila hatua.

Hata mtu aliyesimama kimya katika safu ya swala hakusimama kama nguzo ya msikiti. Mwili wake huyumba kidogo kidogo, mbele na nyuma, bila ya yeye kujua, na nyama za miguu humrudisha kila anapotaka kupita mpaka. Na kazi hii hufanywa kwa ushahidi wa mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni macho, yatuonyeshayo wapi ni juu na wapi ni chini, na jiwe liko wapi. Wa pili ni sikio la ndani. Humo mna mifereji mitatu midogo yenye maji, iliyopinda kama upinde, itambuayo kichwa kinapogeuka. Na pamoja nayo mna vijiwe vidogo mno vya chokaa vitambuavyo kichwa kinapoinama. Wa tatu ni nyayo na viungo, vinavyopeleka habari ya ardhi: ni ngumu au laini, imeinuka au imeshuka. Ubongo ndio kadhi. Husikiliza mashahidi wote watatu, akahukumu, kisha akaziamrisha nyama za miguu na za nyonga zitende.

Shahidi mmoja akinyamaza, wawili waliobaki huweza kutosha. Wakinyamaza wawili, hukumu huharibika. Katika karne ya 19 tabibu mmoja wa Berlin, Moritz Romberg, alieleza habari ya wagonjwa ambao miguu yao ilikuwa imepoteza hisi. Macho yakiwa wazi walisimama. Wakifumba macho waliyumba sana, hata kuanguka. Mpaka leo madaktari humwambia mgonjwa asimame miguu pamoja na afumbe macho, na kipimo hicho huitwa kwa jina la Romberg.

UZEE UNAVYOIPUNGUZA MIZANI

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya Ar-Rum kwamba mwanadamu hutoka katika udhaifu akaingia katika nguvu, kisha hurudishwa katika udhaifu na mvi. Mambo haya hayaji kwa siku moja. Tangu miaka ya arubaini nyama za mwili huanza kupungua, na zile zenye kutenda kwa haraka, ambazo ndizo zimdakazo mtu anapojikwaa, ndizo zipunguazo zaidi. Hii ndiyo sababu ya mguu wa pili kuchelewa.

Mashahidi nao hudhoofika. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Na huenda mtoto wa jicho akaongezeka juu yake. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani hupungua. Nyayo hupoteza wepesi wa kuhisi, na mwenye maradhi ya sukari hupoteza zaidi, hata akakanyaga msumari asijue. Kadhi naye, yaani ubongo, huchelewa kuhukumu. Ndiyo maana utamwona mzee akiulizwa neno njiani husimama kwanza, ndipo akajibu. Usimharakishe. Kazi mbili kwa wakati mmoja zimekuwa nzito kwake.

Kisha yapo maradhi na dawa. Wako wazee ambao damu huwashuka miguuni wanapoinuka ghafla, kichwa kikawa chepesi na macho yakaingia giza. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huzidisha hali hiyo. Na mzee aliyefunga mchana wa Ramadhani bila ya kunywa maji ya kutosha usiku, kisha akasimama muda mrefu katika tarawehe, yumo katika hatari hiyo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo madogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya 80 katika kila 100 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Katika ajali zisizokusudiwa ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Na katika watu wa miaka 65 na zaidi, karibu mmoja katika kila watatu huanguka kila mwaka. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wenye miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 3. Basi hesabu mwenyewe.

ARDHI YETU NA MAFUNZO YAKE

Huku kwetu sababu nyingine ni ardhi yenyewe. Mwenye kuijua Karatu wakati wa masika aujua udongo wetu mwekundu: ukipata mvua huteleza kama sabuni. Ukipanda kuelekea ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ukungu na umande hulowesha kila kitu asubuhi, na baridi huikaza miguu ya wazee. Kule Mang'ola iko mifereji ya mashamba ya vitunguu ya kurukwa. Na katika nyumba nyingi choo kiko nje, na mzee hukiendea usiku wa manane, au kabla ya alfajiri, bila ya taa.

Lakini ardhi hii ina mafunzo mema pia. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi jirani zetu Wahadzabe. Mwaka 1989 mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake waliandika juu ya mabibi wa Kihadzabe, wakaeleza jinsi wanawake waliokwisha kuzaa wanavyoendelea kwenda porini kuchimba mizizi ya chakula kwa bidii kubwa, wakawalisha wajukuu wao. Na mwaka 2020 wataalamu wengine, na pamoja nao Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza matokeo ya kupima mapumziko ya watu hawa. Walikuta ya kuwa Wahadzabe nao hupumzika karibu saa kumi kila siku, kama wakaao mijini katika nchi za kitajiri. Tofauti ni kwamba wao mara nyingi hupumzika kwa kuchutama na kupiga magoti, na katika mikao hiyo nyama za miguu hufanya kazi zaidi kuliko mtu akaapo kitini. Hatusemi kwamba kwa hayo Mhadzabe hazeeki. Huzeeka kama sisi. Tunasema kwamba mguu unaotumika hauachi kazi mapema.

HURUMA IDHOOFISHAYO

Yuko mama mmoja wa hapa Karatu, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, aliyeteleza kizingitini siku ya mvua. Hakuvunjika, mkono ulivimba tu, ukapona. Wanawe, ambao ni watu wema, waliogopa sana. Wakamnunulia kiti kizuri chenye mito, wakaleta msichana wa kumfanyia kila kazi, na kila alipotaka kuinuka waliambizana, "Mkalishe mama, ataanguka." Naye mwenyewe akaingiwa na khofu. Haukupita mwaka, akawa hawezi tena kuinuka kitini bila ya kuvutwa. Siku moja usiku, baina ya kiti na kitanda, mahali pasipokuwa na tope wala kizingiti, alianguka akavunjika nyonga.

Je, ni nini kilichomwangusha? Mara ya kwanza lilikuwa tope. Mara ya pili kilikuwa kiti. Mwaka 2007 ilitangazwa huko Marekani habari ya jaribio ambalo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama za miguu yao. Ikiwa siku kumi zafanya hivyo, mwaka mzima wa kitini utafanya nini?

Enyi wenye kuwapenda wazazi wenu, fahamuni kwamba kumtumikia mzee si kumnyang'anya miguu yake. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Israa tuwatendee wema wazazi wanapofikia uzee, wala tusiwatolee hata neno la kuchukizwa. Na katika wema huo ni kumpa mzee bega la kuegemea anapokwenda kwa jirani, kuliko kumwambia asiende.

SWALA, UDHU NA MIZANI

Swala ina kusimama, kurukuu, kusujudu, kukaa na kuinuka tena. Mwislamu huswali kwa kuwa ameamrishwa, wala hatuigeuzi ibada kuwa mchezo wa viungo. Lakini aangaliaye kwa jicho la afya ataona kwamba mwenye kuswali sakafuni huziita nyama za mapaja na nyonga kazini mara nyingi kila siku, maisha yake yote. Basi mzee asiharakishe kuiacha neema hii pasina sababu.

Na aliye na sababu, dini ni nyepesi. Imran bin Husayn alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Na katika kitabu cha Abu Dawud imo habari kwamba Mtume wetu mwenyewe, alipokuwa mtu mzima na mwili ukawa mzito, alijiwekea nguzo mahali pake pa kuswalia akiiegemea. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa awezaye kusimama kwa kuegemea kitu, kusimama kwamlazimu. Na achelea­ye madhara huruhusiwa kukaa. Ewe mzee uonaye haya kuswali karibu na ukuta, haya ya nini, na Mtume aliegemea nguzo? Na mwenye shaka juu ya hali yake na amwulize imamu wake pamoja na daktari wake.

Pana mahali pamoja pa hatari kuliko swala yenyewe, napo ni penye udhu. Zingatia, ndugu msomaji. Mzee anapoosha uso hufumba macho: shahidi wa kwanza amenyamaza. Ameinamisha kichwa: shahidi wa pili amevurugika. Kisha huinua mguu mmoja auoshe, na ule wa pili umesimama juu ya sakafu iliyolowa: shahidi wa tatu naye hana hakika. Tabibu Romberg alipowafumbisha macho wagonjwa wake aliona waliyumba. Na mzee wetu hufanya jambo hilo hilo kila siku mara tano, tena kwa mguu mmoja. Dawa yake haigharimu kitu: atawadhe akiwa amekaa, juu ya kigoda kipana kisichotikisika, na birika mkononi. Kila msikiti wafaa uwe na vikao vya kutawadhia na vyuma vya kushika ukutani. Na anapoosha miguu, ikiwa ana maradhi ya sukari, mjukuu na atazame kati ya vidole kama pana kidonda.

Kadhalika wako wanaopatwa na kizunguzungu kikali, kama dunia yazunguka, kila wanaposujudu au wanapogeuza kichwa kwa salamu, kikaondoka baada ya muda mfupi. Wengi hudhani ni shinikizo la damu, na wengine hudhani ni mashetani. Mara nyingi ni vile vijiwe vya chokaa vya sikio la ndani vilivyotoka mahali pake vikaingia katika mifereji. Daktari ajuaye huweza kuvirudisha kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa mpango maalumu, bila ya kisu wala sindano.

MAMBO YA KUTENDA NYUMBANI

Vijana wa nyumba na wayafanye haya, wala wasingoje kuambiwa mara ya pili.

Kwanza, njia ya choo. Isawazishwe, imwagiwe kokoto au changarawe wakati wa masika, na iondolewe kamba za mbuzi, ndoo na kuni. Kando yake ikazwe kamba au mti wa kushikia. Mzee awe na tochi au taa ya jua pembeni ya kitanda, naye ajue ilipo hata gizani. Jicho lipokealo theluthi ya mwanga lahitaji taa zaidi, si pungufu.

Pili, ndani ya nyumba. Kizingiti kirefu kipunguzwe au kipakwe rangi nyeupe kionekane. Mkeka uliojikunja pembeni unyooshwe au uondolewe. Vitu atumiavyo mzee kila siku viwekwe mahali ambapo mkono wafika bila ya kupanda juu ya kitu.

Tatu, mavazi na viatu. Kanzu, kanga au baibui iburutayo chini ipunguzwe pindo. Ndala zilizolainika nyayo si viatu vya mzee. Apewe kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli nyembamba na imara.

Nne, bakora. Asiione kuwa ni aibu. Urefu wake ni huu: mzee asimame wima, mikono ikining'inia, na mshiko wa bakora ufike penye kifundo cha mkono. Ikiwa mguu mmoja ni mgonjwa, bakora ishikwe kwa mkono wa upande ulio mzima. Na chini yake ivishwe mpira uliokatwa kutoka katika tairi kuukuu, isiteleze.

Tano, daktari. Mzee aendapo hospitali, iwe ya Karatu, iwe ya Endulen kule Ngorongoro, achukue dawa zake zote mfukoni, azionyeshe, na aulize kama iko yenye kuleta kizunguzungu. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Macho yapimwe, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa operesheni. Na tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mtu wa miaka 60 na zaidi ametambuliwa kuwa mzee mwenye haki zake. Basi kijana na amsimamie babu yake apate kutangulizwa mbele ya foleni.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote, ni mazoezi. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108, yenye watu zaidi ya 23,000, wakaona kwamba wazee wanaofanya mazoezi hupunguza kuanguka kwa kiasi cha 23 katika kila 100. Na yenye kufaa zaidi yalikuwa mazoezi ya mizani na ya kazi za kila siku. Basi haya hapa, na kila moja lifanywe karibu na ukuta au meza imara, na mtu mwingine awe kando. Ainuke kitini na kukaa tena mara kumi, akijitahidi asitumie mikono. Asimame kwa mguu mmoja akihesabu hadi kumi, kisha abadilishe. Ainue visigino, asimame kwa ncha za miguu, ashuke polepole. Atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Yafanywe walau siku tatu katika juma, bila ya kuacha, kwa sababu nyama zisizotumika husahau.

Wenye umri wa makamo nao wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Mwaka 2022 ilitangazwa habari ya watu 1,702 wa Brazili, wenye umri wa miaka 51 hadi 75, waliopimwa kama waweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Karibu mmoja katika kila watano alishindwa. Na katika miaka iliyofuata, walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi kuliko walioweza. Si kwamba mguu mmoja huua. Ni kwamba mizani yatoa habari za mwili mzima.

AKISHAANGUKA

Mzee akianguka, msimvute kwa mikono mkamsimamisha. Mwacheni apumue, mumwulize panapomwuma. Ikiwa mguu mmoja umeonekana mfupi kuliko mwenziwe na wayo umegeukia nje, yaelekea nyonga imevunjika. Asisimame, asikandwe, wala asivutwe na mtu yeyote. Afungwe mguu usitikisike, achukuliwe hospitali kwa gari au machela, wala si kwa pikipiki. Ikiwa amegonga kichwa, na khasa ikiwa anatumia dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi, apelekwe hospitali hata akisema ni mzima. Akiwa nyumbani baadaye, aangaliwe kwa siku kadhaa. Usingizi usiokuwa wa kawaida, kutapika au maneno ya kuchanganyikiwa ni dalili mbaya.

Na ikiwa hakuumia, afundishwe kuinuka mwenyewe: ageuke ubavu, aje juu ya mikono na magoti, atambae hadi kwenye kitu imara, atangulize mguu mmoja wenye nguvu, ndipo ainuke. Aliyezoea kuinuka kutoka katika sijida nusu ya somo hili ameshaijua. Kisha muulizeni: alikuwa akifanya nini, kichwa kilikuwa chepesi, alikuwa ameamka sasa hivi, alikanyaga nini? Kwani aliyeanguka mara moja yu karibu na kuanguka mara ya pili, na sababu ya kwanza ikijulikana ya pili huzuilika. Wazee wengi huficha kwamba wameanguka, wakichelea kukatazwa kutoka nyumbani. Basi asikaripiwe asemaye.

Enyi vijana wa madrasa na wa skuli, nyinyi mwaweza kuruka mfereji wa Mang'ola kwa mruko mmoja, na hamkumbuki siku mlipojifunza kusimama. Aliyewashika mkono siku ile ni huyu ambaye leo hukamata ukuta. Alipowaona mwajikwaa hakuwaketisha kitako mwaka mzima. Aliwainua, akaunyoosha mkono, akawaita mwende. Leo jioni mchukue mzee wako kwa mkono hadi msikitini au hadi kwa jirani, taratibu, kwani mwenda pole hajikwai. Na mnaporudi, litengenezeni lile jiwe la mlangoni ambalo kila mtu hulijua na hakuna aliondoaye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aithubutishe miguu ya wazee wetu hapa duniani na siku ile miguu itakapoteleza, na atujaalie sisi kuwa mikono yao. Amin.